Kuni Kilo Mia Moja: Historia ya Majiko Makubwa Pwani ya Kusini

Wasomaji wangu, najua mmezoea kuja hapa kusoma habari za simu, kompyuta na programu huria. Leo nawaomba mnivumilie tuingie jikoni. Tena siongelei jiko la nyumbani la sufuria moja ya wali. Naongelea majiko ya watu wanaopika kwa kazi: hoteli za Diani, shule za Msambweni, vibanda vya chai pale stendi ya Ukunda, mama karanga wanaokaanga samaki Gazi na Shimoni, na wale wapishi wa harusi wenye sufuria ambazo mtoto anaweza kujificha ndani.

Mtu atauliza, hayo na teknolojia yanahusiana vipi? Yanahusiana sana. Jiko ni mashine. Linaingizwa kitu, linatoa kitu, na katikati kuna upotevu. Sisi tunaoandika programu tunaishi kwa kutafuta upotevu wa namna hiyo. Na kwa huku Kwale upotevu wa jiko una jina na mahali pake: ni Kinango inayobaki vumbi, ni mikoko ya Gazi, ni kifua cha mpishi wa shule anayekohoa akiwa na miaka arobaini.

Nilipokuwa shule ya msingi tulikuwa na sheria ambayo wengi wenu mnaikumbuka: kila mtoto aje na kuni yake. Hukuja na kuni, ulirudishwa nyumbani kuitafuta. Hatukuwahi kuuliza kuni zile zinaenda wapi zote. Jikoni kulikuwa na mafiga matatu makubwa, sufuria juu, moto ukilamba pande zote, na moshi unatoka mlangoni, dirishani, mpaka kwenye matundu ya bati. Sasa nikitazama kwa jicho la hesabu, mafiga yale yaliingiza kwenye sufuria labda asilimia 12 ya joto lililokuwa ndani ya kuni. Asilimia 88 iliyobaki ilikuwa inapasha joto anga ya Msambweni, kama vile anga yetu ina baridi.

Tatizo hili ni la zamani, na mtu wa kwanza kulishika kwa hesabu hakuwa mpishi. Aliitwa Benjamin Thompson, mzaliwa wa Massachusetts mwaka 1753. Katika vita vya uhuru vya Marekani alikuwa upande wa Mwingereza, ikambidi akimbie, na mwishowe akajikuta akimtumikia mtawala wa Bavaria, huko Ujerumani ya leo, ambako alipewa cheo cha Count Rumford. Mwaka 1790 alifungua mjini Munich nyumba ya kazi kwa ajili ya ombaomba, na hao ombaomba ilibidi walishwe. Kupikia mamia ya watu kila siku kulikula kuni nyingi mno. Rumford akafanya jambo ambalo kwetu leo ni la kawaida: akapima. Akaona moto wa wazi unapoteza karibu joto lote. Basi akaufungia moto ndani ya matofali, akaizamisha sufuria ndani ya tofali mpaka shingoni, akaweka mlango wa kudhibiti hewa, na moshi akaupitisha kandokando ya sufuria kabla ya kuuruhusu kutoka kwenye dohani. Huyu ndiye yule yule aliyetoboa mizinga na kuandika mwaka 1798 kwamba joto ni mwendo wala si kimiminika. Kwa hiyo ukisikia mtu anakuuzia jiko jipya la kisasa la shule, lenye sufuria iliyozama na dohani, mwambie kwa upole kwamba wazo lake limetimiza zaidi ya miaka mia mbili.

Huku kwetu hadithi ilipita njia nyingine. Pwani tulikuwa na mafiga kwa kuni na seredani kwa makaa. Lile jiko la bati la mkaa lililoenea Kenya nzima inasemekana lilikuja na mafundi wa Kihindi waliojenga reli. Ni jepesi, rahisi kutengeneza, na linakula mkaa kama limelogwa, kwa sababu bati halizuii joto kitu. Likiwaka hata ukisimama hatua mbili unalisikia usoni. Hilo joto unalolisikia usoni ni pesa yako.

Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa Nairobi kuhusu nishati mpya na jadidifu. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda mara mbili katika miaka ya 1970 na kila serikali ilikuwa inahangaika. Katika joto la mkutano ule ndipo ikaanza kazi ya kutafuta jiko bora la mkaa la Kenya. Watafiti na mafundi, akiwemo Maxwell Kinyanjui, na shirika la KENGO, walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand lenye udongo wa kufinyanga ndani, wakalileta kwa mafundi bati wa Shauri Moyo. Matoleo ya kwanza yalikuwa na kasoro. Udongo ulipasuka, jiko lilikuwa linayumba. Akina mama waliopewa kujaribu wakasema wazi kwamba ukisonga ugali linataka kupinduka. Ndipo likapata lile umbo tunalolijua, kiuno chembamba, chini pana, na udongo umewekwa sehemu ya juu tu ambapo makaa hukaa.

Hapa nataka nisimame kidogo, maana hii kwangu ndiyo sehemu tamu. Jiko lile halikuwekewa hataza. Fundi yeyote aliruhusiwa kulinakili, kulibadilisha na kuliuza. Kulikuwa na nakala mbovu, bila shaka, lakini mafundi waliposhindana bei ilianguka, na ilipofika katikati ya miaka ya 1990 yalikuwa mamia ya maelfu majumbani. Umbo likavuka mipaka hadi nchi jirani. Sasa niambie, hiyo kama si programu huria ni nini? Linus Torvalds alitangaza Linux mwaka 1991. Mafundi wa Shauri Moyo walikuwa wameshaanza, wakitumia nyundo na bati la mapipa.

Lakini jiko lile lilikuwa la nyumbani. Kwa majiko makubwa, kazi ilifanywa na Bellerive Foundation, taasisi ya Sadruddin Aga Khan yenye makao Geneva, ambayo miaka ya 1980 ilileta Kenya majiko ya kuni ya taasisi. Mtu wa karibu na kazi hiyo alikuwa Waclaw Micuta, Mpolandi aliyekuwa ametumikia Umoja wa Mataifa na akageuka bingwa wa majiko. Ukiliangalia jiko lenyewe ni Rumford mtupu: sufuria ya chuma kisichoshika kutu imezamishwa ndani ya koti lenye kizuia joto, kichumba kidogo cha moto, mlango na dohani. Baadaye shirika la RETAP liliziuzia shule za kuzunguka Mlima Kenya majiko ya namna hii kwa mkopo, na shule zikapanda miti yao wenyewe. Utaratibu huo wa mkopo ulikuwa na maana kuliko jiko, kwa sababu shule haikosi akili ya kujua kuni ni ghali, inakosa fedha za mkupuo.

Sasa turudi Kwale. Mama yangu mdogo yumo kwenye kamati ya wazazi ya shule moja ya huku. Wamejiwa na wauzaji watatu: mmoja anauza jiko la kuni lenye dohani, wa pili anasema mkaa kwenye majiko ya udongo ndiyo rahisi, wa tatu anataka waweke gesi. Wote watatu wanasema jiko lao ni la kijani. Akanipigia simu: "Mwanangu, wewe ulisomeshwa hesabu. Nani hapa anasema kweli?" Nikafungua lahajedwali. Nawawekea hapa hesabu yenyewe, na atakayeona nimekosea mahali aseme.

Chukua kilo 100 za kuni kavu. Kilo moja ina takriban megajuli 16, kwa hiyo jumla ni 1,600. Kwenye mafiga yenye ufanisi wa asilimia 12, sufuria inapata megajuli 192. Tuseme hicho ndicho chakula cha mchana cha shule.

Kwenye jiko lililofungwa lenye dohani, ufanisi nimeweka asilimia 40, chakula kile kile kitahitaji kilo 30 za kuni. Thelathini badala ya mia.

Mkaa je? Hapa ndipo wengi hudanganyika, kwa sababu mkaa hautoi moshi mwingi na unaonekana msafi. Mkaa ni kuni zilizochomwa tayari. Kwenye tanuri la udongo la porini, kilo 100 za kuni hutoa kati ya kilo 10 na 20 za mkaa. Nimechukua 15. Kilo moja ya mkaa ina megajuli 29 hivi. Basi karibu robo tatu ya joto la mti lilishapotelea porini kabla gunia halijapakiwa lori. Kupata zile megajuli 192 kwa jiko la udongo la asilimia 30 unahitaji kilo 22 za mkaa, yaani kilo 147 za kuni. Kwa jiko la bati la asilimia 20 ni kilo 33 za mkaa, yaani kilo 220 za kuni. Umeona? Ukiutazama msitu na si sufuria, jiko bora la mkaa ni baya kuliko mafiga ya bibi yako. Nililirudia hesabu mara tatu kabla ya kumpigia mama mdogo.

Gesi ina megajuli 46 kwa kilo, na kichomeo cha kawaida huingiza labda asilimia 55, kwa hiyo ni kama kilo 8 kasoro. Ni mafuta ya kisukuku, kweli, yanachafua hewa ya dunia. Ila hayakati mti wa Kinango wala hayaui mapafu ya mpishi.

Tahadhari moja: hizi asilimia ni za kukadiria. Kuni mbichi huharibu kila kitu, kwa sababu sehemu ya moto inatumika kuchemsha maji yaliyo ndani ya kuni zenyewe. Kwa unyevu wa Pwani, banda la kukaushia kuni lenye bati na pande wazi ndilo badiliko la bei nafuu kuliko yote, na hakuna muuzaji hata mmoja aliyelitaja. Haliuziki.

Lakini msitu wenyewe ni upi? Swali hili Kwale si la kinadharia. Tuna Hifadhi ya Shimba Hills, iliyotangazwa mwaka 1968. Tuna makaya ya Wamijikenda, ambayo serikali ilianza kuyatangaza kuwa turathi za taifa mwaka 1992, na mwaka 2008 UNESCO ikayaingiza kadhaa kwenye orodha ya urithi wa dunia, likiwemo Kaya Kinondo, ambalo liko mwendo mfupi tu kutoka kwenye mahoteli ya Diani. Wazee wa kaya wana sheria yao: hutoki na kitu humo, hata kuni kavu. Wamelilinda kwa karne nyingi bila walinzi wenye bunduki. Unapotazama Diani kutoka angani unaona mstari wa hoteli, halafu mashamba, halafu vipande vya msitu vimesimama kama visiwa. Kila jiko lililo kati ya bahari na Kinango linavuta kutoka mahali fulani kwenye picha hiyo.

Na tuna mikoko. Kwa karne nyingi boriti za mikoko zilipakiwa majahazi kwenda Arabuni na Ghuba, mpaka Kenya ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Lakini Gazi haikuumizwa na boriti peke yake. Miaka ya 1970 mikoko yake ilifyekwa kuwa kuni za viwanda. Sehemu nyingine zilibaki tope tupu. Mwaka 1991 watafiti wa KMFRI, James Kairo akiwa mstari wa mbele, walianza kupanda upya. Kutoka hapo ikazaliwa Mikoko Pamoja ya vijiji vya Gazi na Makongeni, ambayo tangu 2013 inalinda hekta 117 na kuuza hewa ya kaboni, kama tani 3,000 kwa mwaka, fedha zikienda kwenye maji na shule. Mwaka 2017 walipata tuzo ya Equator. Vanga wakafuata mwaka 2019 na mradi wao.

Sasa angalia jambo ambalo watu wa kompyuta tunalijua vizuri: ukiziba tundu huku, maji hutokea kule. Ukimwambia mama karanga asikate mkoko, samaki wake watakaangwa na nini? Mafuta kwenye karai lazima yachemke, na samaki hawasubiri. Akihamia msitu mwingine, mradi umehamisha tatizo tu. Ndiyo maana Mikoko Pamoja walipanda pia mivinje kwa ajili ya kuni. Naona hilo shamba la mivinje linastahili sifa kuliko tuzo, ingawa hakuna mgeni anayelipiga picha.

Serikali nayo ilijaribu njia zake. Mwaka 2009 zilitoka kanuni za mkaa, wachomaji wakatakiwa wajiunge katika vyama na wapate vibali. Februari 2018 ukataji miti ukasimamishwa kwenye misitu ya umma na ya jamii. Marufuku ilianza ya siku 90, ikaongezwa na kuongezwa mpaka Julai 2023. Mkaa ukapanda bei, wenye vibanda wakalia, na wengi wakaanza kuitazama gesi kwa mara ya kwanza.

Gesi yenyewe ina historia ya kuchekesha, kama si ya kuliza. Zamani sehemu ya gesi yetu ilitoka kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, kilichofunguliwa 1963 na kuacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Siku hizi inaingia kwa meli Mombasa. Mwaka 2016 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye gesi, watu wakahamasika, wakanunua mitungi. Julai 2021 kodi ikarudi, asilimia 16. Mwaka 2022 ikashushwa hadi 8. Julai 2023 ikaondolewa tena. Hebu wewe uwe mwenye hoteli ndogo pale Ukunda, umepiga hesabu ya miaka mitano ya kubadilisha jiko lote. Utapigaje? Mimi nikibadilisha kiolesura cha programu mara nne ndani ya miaka saba, wateja wangu wote wangenikimbia.

Hoteli kubwa zilikuwa na msukumo wao mwingine, mgeni. Shirika la Ecotourism Kenya, lililoanzishwa 1996, lilileta mwaka 2002 mpango wa kuzipa hoteli daraja za kimazingira, shaba, fedha na dhahabu. Maji, taka na nishati vyote huangaliwa. Nasema wazi kwamba napenda kipimo chochote kinachomlazimisha meneja aingie jikoni na kuhesabu. Ila jiko la hoteli lina tatizo ambalo shule haina: mabaki. Bufee ya Diani inatupa wali, mkate, matunda na mboga kila usiku. Vitu hivyo vinafaa kwa gesi ya kuozesha kuliko samadi, kwa sababu samadi ni chakula ambacho tumbo la ng'ombe limeshakikamua. Anand Karve wa Pune, India, alilionyesha hilo mwaka 2003 kwa mtambo mdogo wa matangi mawili ya plastiki unaolishwa wanga na mabaki ya jikoni, na wazo lilifika mpaka Dar es Salaam. Kwa joto la Pwani bakteria hawahitaji hata kubembelezwa.

Mwisho kuna umeme, ambao miaka kumi na tano iliyopita nisingeutaja hapa. Wakati ule Pwani ilitegemea sana mitambo ya mafuta mazito ya Kipevu na Rabai, kwa hiyo kupikia umeme Diani kulikuwa kama kuchoma dizeli mbali na macho. Mwaka 2017 ulikamilika mstari mkubwa wa umeme kutoka bara hadi Rabai, na mvuke wa Olkaria ukapata njia ya kutufikia. Miaka ya karibuni karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya umetoka kwenye vyanzo jadidifu. Jiko lile lile, waya ule ule ukutani, lakini kilichoko nyuma ya waya kimebadilika. Maharage kwenye sufuria ya umeme ya mgandamizo yenye kizuia joto huiva kwa sehemu ndogo tu ya nishati ya jiko la wazi.

Mwaka 2024 serikali ilitoa mkakati wa kuhamia upishi safi, lengo likiwa kila Mkenya kufikia 2028. Kwa shule ya mama mdogo, jibu nililompa ni hili: mkaa waufute kwenye orodha leo. Jiko la kuni lenye dohani walichukue kama muuzaji anakubali malipo ya mihula sita, pamoja na banda la kukaushia na ekari ya mivinje. Gesi waanze nayo kwa chai ya walimu na uji wa watoto wadogo, waone mtungi unakaa siku ngapi kabla ya kukubali lolote. Umeme wasubiri, kwa sababu laini yao hukatika mara mbili kwa wiki, na watoto mia nne hawali mkakati.

Kamati inakaa mwezi ujao. Atakayetaka lahajedwali abadilishe tarakimu zangu aweke za jiko lake, aandike hapo chini nitamtumia.